Yai Mbele ya Kandili

Vuta kigoda ukae, chai inachemka. Ni ya rangi, nimeitia mchaichai na tangawizi, na sukari ipo pembeni kila mtu ajitilie kwa kadiri yake. Leo nataka nikusimulie habari za yai.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa akifuga kuku uani kwake Ngamiani, Tanga, kule kwenye barabara zinazoitwa kwa namba. Nazungumzia mwaka 1963, nilipokuwa na miaka tisa. Alikuwa na tetea mmoja mweusi mwenye kishungi, mkali kama mwenye nyumba, akiatamia ndani ya tenga kuukuu lililosukumwa uvunguni. Usiku wa sita tangu kuku aanze kuatamia, bibi alikuwa akiifuta chemni kwa ncha ya kanga, anapandisha utambi, kisha anaingiza mkono chini ya kuku taratibu huku akimnong'oneza maneno ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuyasikia. Yai linatoka likiwa na joto. Analishika kwa vidole, anakunja kiganja kulizunguka mpaka nuru isipite pembeni, analisogeza kwenye kioo cha kandili. Chumba kizima kinanuka mafuta ya taa na manyoya.

Ndani ya yai tuliona wekundu kama wa machweo, na mishipa iliyotandaa kama utando wa buibui. Katikati ya utando palikuwa na doa jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha. "Hili lina jicho," bibi akisema, na yai linarudi kwa mama yake. Lisilo na jicho aliliweka kando. Hakuhitaji kutueleza zaidi, kwa sababu kwake yai lenye jicho lilikuwa kifaranga, basi.

Tulikuwa wawili pale magotini pake, mimi na binti wa mama yangu mkubwa. Wote tulipewa jina la bibi, kwa hiyo tangu utotoni tunaitana somo, na mpaka leo tukipigiana simu hakuna anayemwita mwenzake kwa jina. Somo yangu alizaliwa na ualbino. Nuru ya kandili ilimuumiza, lakini yeye ndiye aliyekuwa akisogea karibu kuliko sote, amekunja uso, kichwa amekiinamisha upande, mpaka bibi amvute kwa nyuma ya gauni asije akaunguza nywele. Kila mara aliliona lile doa. Kuliona kulimchukua muda, na bibi alimngoja. Mkono wa mtu mzima umenyooka na yai la moto, dakika nzima, bila kumhimiza mtoto. Nimezunguka mabara mawili na sijakutana na mwalimu aliyenifundisha zaidi ya ule mkono.

Shuleni hawakumngoja. Tulipocheza rede, mpira ulikuwa ukimfikia kabla hajajua uko umbali gani. Anakwepa mapema mno au amechelewa. Mwalimu mmoja alikuwa akimwambia mbele ya darasa kwamba hajitahidi, kwamba anayaona maandishi ila mvivu wa kusoma. Nilikaa naye dawati moja, nikimsomea ubao kwa sauti ya chini, na kwa kosa hilo tulichapwa pamoja zaidi ya mara moja. Nyumbani tuliyajua mambo yake bila kuyatafutia jina. Akikumiminia chai, kwanza mdomo wa birika unagusa ukingo wa kikombe, ting, ndipo chai inaposhuka. Ile ting ilikuwa sauti ya asubuhi nyumbani kwetu, pamoja na ufagio uani na muuza mkate wa mofa.

Sasa turuke miaka. Mwaka 1988 nilipata nafasi ya masomo Ujerumani Magharibi, wakati huo Ujerumani bado zikiwa mbili. Niliandikia nyumbani kwamba kazi yangu ni kulea mayai ya kuku kwenye mashine na kuchunguza jicho linavyoungana na ubongo. Barua ilisomwa barazani, na katika kusomwa ikapungua kidogo. Jirani mmoja akamwuliza bibi, "Kumbe Ulaya hawana matetea?" Bibi, aliyekuwa mzee sana kwa wakati huo, akamjibu kwamba wanao, ila mjukuu wake wamemwita akawaonyeshe namna ya kupima.

Mji ulikuwa Tübingen, ukingoni mwa mto Neckar, nyumba za mbao na chokaa zimeegemeana kama wazee msibani, na majira ya joto wanafunzi wanapanda mashua ndefu wakizisukuma kwa upondo, jambo lililonifanya niikumbuke Pangani hadi koo likaniuma. Juu mlimani ilikuwapo Taasisi ya Max Planck ya Biolojia ya Ukuaji, alikofanya kazi Friedrich Bonhoeffer. Yeye kwa asili alisomea fizikia; jina la ukoo huenda unalijua kwa sababu ya baba yake mdogo, mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliyeuawa na utawala wa Hitler mwaka 1945. Mimi sikuwa mtu wa maabara yake. Nilikuwa maabara nyingine, ndogo, mji huo huo, na tulichokuwa tukijifunza ni kurudia jaribio walilolitangaza wenzetu wa mlimani mwaka mmoja kabla, 1987.

Aliyenipokea alikuwa fundi wa maabara, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya kukandia mikate. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye chumba cha inkubeta. Alipofungua mlango nikapigwa na ile harufu: joto, unyevu, ganda la yai, manyoya ambayo hayajaota. Mashine ilikuwa ikivuma polepole kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Akazima taa ya dari, akawasha tochi ya kupimia, akaniwekea yai mkononi. Nikakunja kiganja kulizunguka bila kuambiwa. Akanitazama. Nikamwambia, kwa Kijerumani changu cha miezi minne, kwamba bibi yangu ana kuku. Tangu siku hiyo mayai yote ya siku ya sita yalipimwa na mimi.

Na siku ya sita ina habari yake. Ndani ya lile doa jeusi, nyuma ya jicho, kuna retina, na kutoka kwenye retina zinachipua nyuzi za neva, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zinazotoka nje ya jicho zikaufuate ubongo. Kwa kifaranga zinaanza safari mapema, na siku ya sita hivi za kwanza ndiyo zinagusa ukingo wa eneo la ubongo linalopokea mambo ya macho, liitwalo tektamu. Nilipolifahamu hilo nilikaa kitako. Usiku ule ule ambao bibi alikuwa akisema "hili lina jicho", jicho lilikuwa linabisha hodi kwenye ubongo.

Zinajuaje njia? Hilo ndilo swali lililotuketisha sote. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyekuwa akipaka vipande vya tishu madini ya fedha na kuchora kwa mkono alichokiona kwenye hadubini, alitangaza mwaka 1890 kwamba ncha ya uzi wa neva wa kijusi cha kuku imetanuka kama kiganja. Alikuwa akitazama kitu kilichokufa, lakini akatambua kwamba enzi ya uhai wake kilikuwa kikipapasa. Mwaka 1907 Mmarekani Ross Harrison akakiona kikiwa hai, ndani ya tone la limfu ya chura: vidole vinatoka, vinagusa, vinarudi, uzi unasogea. Mimi nilikiona kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba, saa tatu usiku, theluji inaanguka nje. Ukitazama kwa haraka utadhani kimetulia. Ni lazima ukae. Kwa saa nzima hakisogei hata unene wa ukucha wako. Kidole kimoja kinanyooka kushoto, kinasita, kinanywea. Kingine kinanyooka kulia, kinashika, na uzi wote unakifuata kama mtoto aliyeshikwa mkono. Nilikisahau chakula changu cha usiku.

Kisha kuna Roger Sperry na vyura wake. Miaka ya 1940 aliikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akaliacha lipone. Kwa chura neva hiyo huota tena. Jicho lilipoona, inzi akiwekwa juu, chura anarusha ulimi chini. Akiwekwa mbele, chura anageukia nyuma. Na hakujifunza kamwe kujisahihisha. Yaani kila uzi ulirudi kwenye kiti chake cha zamani kwenye ubongo, bila kujali kwamba jicho limegeuzwa. Mwaka 1963, ndio, mwaka ule ule wa kandili, Sperry akaandika kwamba lazima seli zina alama za kikemikali, na kwamba alama hizo zimetandaa kwa viwango vinavyopanda kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uzi unazisoma. Wengi walimsadiki, lakini hakuna aliyekuwa na alama hiyo mkononi.

Jaribio la Tübingen lilikuwa la mikono, na ndiyo sababu nalipenda mpaka leo. Unachukua tektamu za vijusi, unatenga sehemu ya mbele na ya nyuma, unazisaga mpaka ubaki na utando wa seli. Halafu, kwa kibao cha silikoni chenye mifereji, unaufyonza utando juu ya kichujio uwe mistari mistari, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama kikoi. Kila mstari haufiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Juu yake unalaza kipande cha retina, unakigandamiza kwa vyuma vidogo visielee, unakirudisha kwenye joto. Siku mbili. Yule mama fundi alikuwa akifanya kazi hiyo akiwa ameziba pumzi, na nikajikuta na mimi naziba pumzi, na hata leo nikitunga uzi kwenye sindano naziba pumzi.

Tulitarajia mvuto. Kila mtu angetarajia mvuto. Nyuzi za upande wa jicho ulio karibu na sikio makao yake ni mbele ya tektamu, basi tuliwaza kwamba mbele kuna kitu kinachoziita. Asubuhi ya siku ya tatu nikaweka sahani chini ya hadubini, nikaziona nyuzi zimejipanga juu ya mistari ya mbele, sambamba, safi kama jamvi jipya. Uzuri wake sina namna ya kukueleza. Lakini wenzetu wa mlimani walikuwa wamekwenda hatua moja zaidi: waliupasha moto utando wa nyuma, ule ambao nyuzi hazikuutaka, na ghafla nyuzi zikaukanyaga bila wasiwasi. Kama mbele kungekuwa kunaita, kuupasha moto wa nyuma kusingebadili lolote. Kumbe nyuma ndiko kulikuwa kunafukuza, na moto uliua kilichofukuza. Uzi haukuitwa nyumbani. Ulikataliwa kwingine kote ukabaki nyumbani.

Nilimwandikia somo yangu habari hiyo nikitumia mfano wa jiko la bibi. Unalikumbuka jiko la nje la makuti, kuni mbichi, moshi mtupu? Mlangoni moshi kidogo, ndani zaidi unakata macho. Somo, mwenye macho yasiyovumilia, alikuwa akiishia mlangoni. Mimi nilifika nusu. Bibi alikwenda mpaka kwenye mafiga, akainama, akapuliza. Moshi ni ule ule mmoja, na kila mtu alipata mahali pake kwa kadiri ya pua na macho aliyopewa. Ndivyo ilivyo kwenye tektamu. Kifukuzaji ni kichache mbele na kingi nyuma. Nyuzi za upande wa sikio zina vipokezi vingi vya kukihisi, zinaishia mbele. Za upande wa pua zina vipokezi vichache, zinapita hadi nyuma kabisa. Bila dalali wala karani, picha nzima ya jicho inajipanga kwenye ubongo.

Mwaka 1995 kifukuzaji kikapatikana. Toleo moja la jarida la Cell lilikuwa na makala mawili, moja kutoka kundi la Bonhoeffer na jingine kutoka kundi la John Flanagan kule Harvard, kila moja na protini yake, ndugu wa damu, ambazo siku hizi tunaziita efrini. Nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam, nafundisha, na jarida lilinifikia miezi mingi baadaye, limekunjwa, lina doa la kahawa ya mtu mwingine. Nililisoma chini ya feni iliyokuwa ikilia kri-kri. Nikalia kidogo, sikufichi. Sperry alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, 1994. Alikuwa na Tuzo ya Nobel tangu 1981, kwa kazi nyingine, ya pande mbili za ubongo. Lakini alama zake za kikemikali hakuwahi kuzisikia zikiitwa kwa majina hayo.

Kuna kitu kingine nilichokutana nacho kule, na hiki kilinikosesha usingizi. Kwenye rafu ya maktaba nilikuta makala ya zamani ya Ray Guillery, ya mwaka 1969, kuhusu paka wa Siam, wale wenye rangi ya maziwa na makengeza. Aligundua kwamba nyuzi za macho yao zinapita njia isiyo ya kawaida. Ngoja nikueleze. Kwetu binadamu kila jicho linatoa nyuzi kama milioni moja. Chini ya ubongo kuna njia panda. Zaidi kidogo ya nusu zinavuka kwenda upande wa pili, zilizobaki zinakunja kona na kubaki upande wao. Kwa kukutanisha macho mawili upande mmoja, ubongo unapima umbali. Penye ualbino, kwa paka, kwa panya, na ikaja kuthibitishwa kwa watu pia, nyuzi nyingi kuliko kawaida zinavuka. Rangi inayokosekana nyuma ya retina inagusa mpaka safari ya nyuzi. Baadaye, mwaka 2003, ilionyeshwa kwa panya kwamba pale njia panda napo pana efrini, inayozirudisha zile zinazopaswa kubaki. Na kwenye ualbino nyuzi zenye kipokezi cha kuisikia ni chache.

Nilikaa pale sakafuni mwa maktaba na mpira wa rede ukanijia usoni. Ting ya birika ikanijia masikioni. Miaka yote ile tuliyochapwa. Hakuwa mvivu. Nyuzi zake zilivuka, na katikati ya retina pia, pale panapoona mambo madogo madogo, hapakuwa pamekamilika. Hayo yote yalianza tumboni mwa mama yake, kabla hajajua neno shule.

Mengi yamekwisha sasa. Bibi alifariki nikiwa bado ugenini, nikapata habari kwa telegramu. Friedrich Bonhoeffer naye alifariki mwaka 2021. Vijana niliowafundisha, wale waliofika maabara kubwa, wananiambia mistari sasa inachapwa kwa protini iliyo safi, inayonunuliwa ikiwa kwenye kichupa, na kwamba wanasoma jeni za seli moja moja kwa maelfu. Ni vizuri, nami nawafurahia. Lakini nilipomwuliza mmoja wao kama amewahi kukaa saa nzima akitazama ncha moja ya uzi, alinijibu kwa adabu, "Mama, siku hizi kamera ndiyo inayokaa." Na Ngamiani wanapima mayai kwa tochi ya simu. Vifaranga wanakuja kwenye maboksi yenye matundu, wamekwishatotolewa, wa umri mmoja na rangi moja. Ukitaka tetea mwenye kishungi, itabidi uulizie sana.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumwona somo. Anauza vitumbua, anajua kimeiva kwa kusikiliza mafuta, wala hakiungui hata kimoja. Tulikaa barazani kwake jua likiwa limeshapungua, maana mchana hatoki bila kofia na mikono mirefu. Nikamweleza yote, polepole, safari hii kwa mdomo na si kwa barua: jicho, njia panda, moshi, nyuzi zilizopaswa kukunja kona zikavuka. Nikamwambia kwamba yule mwalimu hakujua alichokuwa akikisema. Alinyamaza muda mrefu. Kichwa amekiinamisha upande, kama pale mbele ya kandili.

"Hizo zilizovuka," akaniuliza, "zilifika?"

Nikamwambia zilifika. Upande wa pili, lakini zilifika zote, na huko nako zikajipanga kwa utaratibu, jirani na jirani yake.

"Haya," akasema. Akavuta birika. Mdomo wake ukagusa ukingo wa kikombe changu, ting, kisha chai ikashuka.